Swali la Kwanza Lilikuwa la Barabara

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, na kwa wote wanaopanga hatua za dharura za afya nchini Kenya

Mheshimiwa Waziri,

Siku Wizara yako ilipotangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini, tarehe 31 Julai 2024, nilikuwa Voi kwenye steji ya magari ya Wundanyi, nikisubiri matatu ijae. Kisa chenyewe kilikuwa kimepatikana mpakani Taveta, kwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kwa kupitia kwetu. Taita Taveta ni kaunti yangu. Kwenye kiti cha nyuma yangu walikaa vijana wawili. Mmoja alikuwa na begi la chuo cha ufundi, mwenzake amepakata boksi la vifaranga. Mwenye begi akaisoma habari ile kwenye simu kwa sauti, neno kwa neno. Mwenye vifaranga hakuuliza ugonjwa unaambukizwa vipi wala dalili zake ni zipi. Aliuliza, "Kwani watafunga barabara?"

Swali hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Kutoka Voi hadi Taveta ni kilomita mia moja na kitu. Ugonjwa mpya umepiga hodi kwa jirani, na hofu ya kwanza ya kijana ni kukatiwa njia. Anayekaa ofisini Nairobi akilisikia swali hilo anaweza kusema, ndio hao, vijana hawajali. Mimi nilimsikia akiongea kwa kumbukumbu. Mwaka 2020 alikuwa bado shule ya msingi. Virusi vya corona hakuviona kwa macho. Alichokiona ni kizuizi cha polisi, nauli iliyopanda na ndugu aliyekwama mji mwingine. Hilo ndilo somo la afya ya umma alilopewa na nchi yake, na amelishika.

Kila alasiri mwaka ule tulikaa mbele ya runinga kusikiliza taarifa kutoka Afya House, makao ya Wizara yako, na mara nyingi tulitajwa. Vijana hawasikii. Vijana wanabeba ugonjwa wanaupeleka mashambani. Nataka kukueleza, kwa heshima na kwa uchungu, kwamba tulikuwa tunasikia, na kila safari tuliipima hatari yake. Ila kwenye mizani yetu kulikuwa na vitu ambavyo ninyi hamkuviweka kwenye yenu, na baadhi ya vitu hivyo vilitokana na amri zenu wenyewe.

Nianze na safari yangu, maana ndiyo ninayoijua vizuri.

Kisa cha kwanza cha corona kilitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili Rais akaagiza shule zifungwe, na vyuo vikuu viwe vimefungwa ifikapo Ijumaa, tarehe 20. Nilikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja Nairobi, na tulitakiwa tutoke mabwenini. Mheshimiwa, hebu rudisha picha ile: wanafunzi wa vyuo na wa shule za bweni nchi nzima, ndani ya siku tano, wote barabarani na masanduku yao. Mimi niliondoka Jumatano. Kule stendi ya Country Bus, foleni ya tiketi ilikuwa imetoka nje ya ofisi ikavuka barabara. Basi lilijaa, kisha likaongezwa vigoda vya plastiki kwenye njia ya katikati. Alfajiri ile ilikuwa na baridi, kwa hiyo madirisha yakafungwa tangu Athi River mpaka Emali. Tulipokaribia Sultan Hamud mzee mmoja alikohoa, basi zima likacheka na kumwita Corona. Kicheko kilipoisha, kukawa na kimya kirefu, na nikamwona msichana wa kiti cha pili akivuta leso yake ya shingoni akaziba pua. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Barakoa zilikuwa bado hazijaagizwa.

Ijumaa ile ya tarehe 20, siku ya mwisho ya sisi kuondoka, ndipo ilipotangazwa kwamba matatu ya abiria 14 ibebe 8, na mabasi makubwa yasizidi asilimia 60 ya nafasi zake. Amri ilikuwa njema. Ilitolewa sisi tukiwa tumeshafika.

Sisemi mabweni hayakupaswa kufungwa. Vitanda vya ghorofa, vyoo vya pamoja, mia tatu kwenye jengo moja. Ugonjwa ungetumaliza mule. Ninachosema ni kwamba serikali ndiyo iliyotusafirisha. Safari kubwa kuliko zote za vijana katika janga lile iliamriwa, tena bila kupewa hata siku mbili za maandalizi ya magari. Kijana aliyeamriwa kusafiri akiwa amebanwa na watu sitini, wiki tatu baadaye anaambiwa kwamba kusafiri ni kumpelekea nyanya yake mauti. Ataamini lipi kati ya hayo mawili?

Na hapo ndipo ninapofika kwa nyanya yangu. Ana presha na sukari, na mwaka ule alikuwa ameshavuka sabini na tano. Nilipoteremka Voi nilimpigia mama simu, nikamwambia sitaki kupokelewa na sitaki kuingia nyumbani. Nililala siku 14 kwenye stoo ya mahindi. Hakuna afisa aliyeniagiza. Nilikuwa nimesoma habari za wazee wa Italia, zikaniingia. Nyanya aliona ni dharau. Kwetu, mjukuu akitoka Nairobi huanzia kwa nyanya kabla hajaingia kwa mama yake. Alitoa kiti akakiweka uani, hatua kama kumi kutoka mlango wa stoo, na kila jioni tukawa tunaongea kwa kupaza sauti, majirani wakisikia mambo yetu yote. Siku ya tano akaniuliza, "Ni mimi unayeniogopa, au unajiogopa?" Nikamjibu najiogopa. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi kaa humo."

Nimesimulia hayo kwa sababu naamini ndiyo hali ya vijana wengi, hata wale mliowaona hawajali. Hofu yetu haikuwa ya mapafu yetu. Taarifa zenu wenyewe zilionyesha mara kwa mara kwamba wengi wa waliopatikana na virusi ni wa umri wa miaka 20 hadi 39, na kwamba mauti yaliwaangukia zaidi wazee na wenye maradhi mengine. Mwenye miaka 21 akisikia hivyo anapiga hesabu: nitaugua siku chache, nitapona. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa wengi wetu, na hakuna tangazo la kutisha ambalo lingeifuta. Lakini mwambie kijana huyo kuna mtu mmoja, kwa jina lake, kwenye nyumba anayokwenda, ambaye huenda asipone. Hapo hofu inapata mahali pa kukaa. Kwangu ilipata, ikanilaza juu ya magunia.

Ila nilikuwa na bahati ya stoo. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu tisa haina stoo, na mtoto wa nyumba hiyo hakuwa na upendo mdogo kuliko wangu. Alihitaji mtu wa kumwambia: ukifika na huna chumba, fanya hivi, lala karibu na dirisha, kula nje, chukua siku kumi za kulisha mbuzi ambapo utakuwa peke yako. Maneno hayo hatukuyasikia. Tulisikia msisafiri, na kwa aliyekwisha kufika, tangazo lilikuwa limekwisha.

Kisha kuna neno "nyumbani". Hili nimelifikiria sana, na naomba ulisikilize kwa makini kwa sababu ni kosa la lugha lililotugharimu. Mlituambia kaa nyumbani. Mabango, redio, ujumbe wa simu, kila mahali: kaa nyumbani. Lakini muulize kijana aliyepanga chumba kimoja mtaa wa Pipeline, Nairobi, nyumbani ni wapi? Atakwambia Mumias, atakwambia Kitui, atakwambia Kilifi. Pale Pipeline ni keja. Ni pahali pa kulala kati ya kazi na kazi. Akiugua sana anakwenda nyumbani, akifiwa anakwenda nyumbani, akikosa kodi anakwenda nyumbani. Ndivyo alivyolelewa kulielewa neno hilo. Mkapaza sauti nchi nzima kwamba kuna ugonjwa mkubwa, kila mtu akae nyumbani. Wengi walilitii agizo hilo kwa kupanda basi.

Wala silisemi hilo kama fumbo la maneno. Machoni pa kijana, safari ya kwenda kwao haionekani kama hatari. Inaonekana kama njia ya kuikimbia hatari. Mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Slovic, aliandika mwaka 1987 katika jarida la Science kwamba watu wa kawaida hawaipimi hatari kwa idadi ya vifo peke yake. Wanaangalia kama jambo linatia hofu kuu na kama ni geni kwao, na jambo ambalo mtu amelizoea na kulichagua mwenyewe hupungua kutisha. Sasa chukua barabara ya kwenda kwenu. Unajua kila tuta. Unajua mama anayeuza machungwa Mtito Andei. Makanga anakuita kwa jina la baba yako. Corona itakaaje kwenye gari kama hilo? Kichwa kinajua inaweza, moyo unakataa. Tangazo la afya linalotaka kumfikia kijana linapaswa kuanzia hapo, kwenye gari lile analolipenda na kuliamini, na hatukulisikia tangazo la namna hiyo.

Jumatatu, tarehe 6 Aprili 2020, barabara zilifungwa. Tangazo lilitoka mchana, na kwa Nairobi na viunga vyake likaanza kutekelezwa saa moja jioni ya siku hiyo hiyo. Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata Jumatano. Kaunti yetu ikabaki wazi katikati, juu imefungwa, chini imefungwa, malori yakipita usiku kucha. Nairobi na Mombasa zilipofunguliwa ilikuwa tarehe 7 Julai. Miezi mitatu.

Rafiki yangu mmoja, mtoto wa Kilifi, alibaki Nairobi kwa sababu alitii. Aliniambia mwezi Machi kwamba hataki kuwapelekea wazazi ugonjwa, na kwamba kazi ya mjengo bado ipo. Wiki ya pili ya Aprili kazi ilisimama. Mwezi Mei mwenye nyumba aling'oa mlango. Kwa simu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: kati ya corona ambayo huenda ataipata na njaa ambayo ameshaipata, Wizara inasema achague ipi? Akaenda Mlolongo usiku, akalipa dereva wa lori, akalazwa chini ya turubai na wenzake watano, juu ya magunia, mwendo wa usiku mzima. Hakukuwa na dirisha. Hakukuwa na umbali wa mita moja wala wa inchi moja. Kama mmoja wao alikuwa na virusi, huenda walivipata wote sita. Aliyekuwa amekataa kupanda basi la nusu abiria mwezi Machi, mwezi Mei alisafiri kwa namna mbaya kuliko zote, na alifika kwao usiku ili asionekane.

Kwa nini usiku? Kwa sababu wageni walikuwa wanaripotiwa kwa chifu na kwa Nyumba Kumi, na kuripotiwa kulimaanisha karantini, na karantini mwanzoni watu walitakiwa kuilipia wenyewe. Kijana asiye na nauli ya basi alikuwa akitishwa na bili ya kila siku. Basi akikohoa anakoholea shukani. Watu wakijificha hivyo, hata mtaalamu bora hawezi kuwafuatilia.

Binamu yangu naye alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika mtaa mmoja wa Nairobi. Mwajiri wake alimpa saa moja kuamua: abaki ndani bila kutoka kabisa hadi ugonjwa uishe, au aondoke. Alikuwa na mtoto wa miaka miwili kwa mama yake. Aliondoka. Takwimu za wasafiri zikimhesabu, zitamwandika msichana wa miaka 22 aliyeamua kusafiri wakati wa janga, na mtafiti atajiuliza kwa nini hakuiona hatari. Aliiona. Aliiona kwa mtu aliyemfukuza, kwa mtoto aliyemwacha, na kwenye barabara ya kupitia porini nyuma ya kizuizi ambako waendesha boda walikuwa wakivusha watu kwa bei waliyoitaka, na ambako msichana peke yake saa nne usiku huwa na hofu nyingine kabisa, isiyo ya virusi. Katika mijadala yote ya vijana na safari za wakati ule, hiyo hofu ya wasichana niliisikia ikitajwa na wanawake wenyewe tu.

Wizara yenyewe ndiyo iliyotutangazia mwezi Aprili habari ya watu waliosafiri kutoka Nairobi hadi Homa Bay na jeneza tupu, wakijifanya wanakwenda kuzika. Nchi ilishangaa. Mimi niliwaza ukubwa wa haja inayoweza kumfanya Mwafrika aidanganye mauti. Watu wetu wanaogopa kulitaja jeneza mbele ya mgonjwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana na mimi nilishiriki. Nilirudi Nairobi Julai barabara zilipofunguliwa. Kwenye basi barakoa zilikuwa kidevuni, yangu pia. Kila tulipokaribia kizuizi makanga alisema, "Barakoa, barakoa," na kwa pamoja, watu ishirini na kitu, tulizipandisha juu ya pua. Tukipita, tukazishusha. Afisa mmoja alipanda akatutazama, akashuka akiwa ameridhika. Niliketi pale nikajiona, mjukuu aliyelala siku 14 kwenye stoo, nimevaa kitambaa kwa ajili ya polisi.

Nini kilitokea kati ya Machi na Julai? Adhabu ilihama ikachukua kiti cha ugonjwa. Kutovaa barakoa hadharani kuliwekewa faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na jioni ile ile, pale Likoni, watu waliokuwa wakisubiri feri kurudi kwao walirushiwa gesi ya kutoa machozi, wakakohoa na kusugua macho wakiwa wamesongamana. Rais mwenyewe aliomba radhi kwa ukatili wa polisi tarehe 1 Aprili. Mtu aliyeona hayo anajifunza kuangalia nani amesimama barabarani, na akishapita, anaona hatari imekwisha. Ndani ya basi, kati ya kizuizi na kizuizi, ambako virusi viko, yeye anajiona yuko salama. Mlitufundisha hivyo bila kukusudia, na tulifundishika haraka.

Vijana nasi tuna hesabu yetu mbovu, na sitaificha. Mwaka 2020 watu karibu 4,000 walikufa kwenye ajali za barabarani Kenya, ilhali kufikia mwisho wa mwaka huo corona ilikuwa imehesabiwa kuua watu zaidi ya 1,600. Kijana wa Mombasa Road hahitaji kusoma takwimu hizo, amezika wenzake. Ndiyo maana utamsikia akisema, kama Mungu ameandika nife safarini, nitakufa kwa breki. Nimeyasema maneno hayo mwenyewe. Yana kosa kubwa ndani yake. Ajali huwapata waliomo garini na walio njiani, ikaishia hapo. Virusi huteremka nawe kwenye steji, hupanda nawe boda, na vya corona huanza kuambukiza hata siku mbili kabla hujahisi homa. Abiria mzima, mcheshi, aliyebeba mkate wa nyanya, ndiye hatari yenyewe, na yeye wa mwisho kujua. Hilo tulistahili kuelezwa kwa utulivu, mara nyingi, na watu wa rika letu. Kelele za kutuita wauaji zilitufanya tujitetee badala ya kusikiliza.

Ikaja tarehe 26 Machi 2021. Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa kuanzia usiku wa manane wa siku hiyo hiyo, wiki moja kabla ya Pasaka. Kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa na ujumbe mmoja tu, ukirudiwa na kila mtu: tokeni kabla ya saa sita. Mwaka mzima ulikuwa umepita, na tangazo lilikuja kwa mtindo ule ule, na mbio zikawa zile zile.

Najua watakachosema wataalamu wako: ukitoa taarifa mapema, watu watakimbia na ugonjwa wao. Hoja ina uzito, na haina jibu moja kwa maradhi yote. Uganda mwaka 2022 ilifunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa ajili ya Ebola, na Januari 2023 mlipuko ule ukatangazwa kuisha. Lakini mgonjwa wa Ebola huambukiza akiwa tayari anaumwa. Anaonekana, na watu wenyewe humwogopa kwa macho yao. Ugonjwa unaosafiri ndani ya watu wanaojiona wazima ni jambo jingine. Kwa ugonjwa wa namna ya corona, waliotaka kukimbia walikimbia hata mlipowapa saa tatu, ila walikimbia kwa kusongamana. Ningependa niambiwe ni nini kilichookolewa na haraka ile ya saa chache, kikiwekwa kando ya mabasi yaliyojaa kupita kiasi.

Kwa hiyo nakuomba, Mheshimiwa, kabla ugonjwa mwingine haujafika, mpango uandikwe. Ugonjwa ukiruhusu, tupewe siku tatu za kuondoka kwa mpangilio: leo wa Magharibi, kesho wa Pwani, magari nusu, madirisha wazi, na nauli isiyopanda, serikali ikifidia viti vitupu. Fedha hizo ni ndogo mbele ya gharama ya kufuatilia watu waliojificha. Makanga apewe maneno manne au matano ya kusema gari likiondoka, na awe amelipwa kwa kazi hiyo, maana abiria humsikiliza makanga kuliko redio. Nasisitiza alipwe.

Na anayefika apokelewe na muuguzi au mhudumu kabla ya chifu. Tangu Septemba 2023 nchi hii ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba yao, wanaojua kila boma na kila mzee mwenye presha. Mwaka 2020 hatukuwa nao kwa namna hiyo. Mhudumu wa kijiji chetu angeweza kuja mlangoni akaniambia, karibu, umetoka Nairobi, tutafanya hivi kwa siku 14, na nyanya tutamweleza pamoja ili asione ni dharau. Kijana akijua ndivyo atakavyopokelewa, atafika mchana. Na asiye na pa kujitenga apewe darasa tupu la shule iliyofungwa, na chakula, bila bili na bila polisi mlangoni.

Kuhusu barakoa na faini, sina la kuongeza zaidi ya yale niliyoyaona kwenye basi.

Jambo la mwisho ni meza yenyewe. Kamati za dharura za mwaka 2020 zilikuwa za watu wazito: mawaziri, makatibu, magavana, makamishna. Wangapi kati yao walipanda matatu mwaka ule? Katika nchi ambayo nusu ya watu wana umri wa miaka 20 au chini yake, kwenye kila kamati ya kaunti lazima wawepo kijana anayepanda gari la umma kila siku, mwendesha boda, msichana anayefanya kazi za ndani, na dereva wa masafa marefu. Waulizwe kabla amri haijaandikwa: tukifunga hapa, mtapita wapi? Watakujibu kwa ukweli, kwa sababu wanazijua njia zote za panya, na wanajua kinachomsukuma mtu kuzipita.

Ningefurahi kama ungemtuma mmoja wa maafisa wako Voi, siku ya Ijumaa alasiri, bila msafara. Nitamsubiri kwenye steji. Tutakaa kwenye benchi la mbao mpaka gari lijae, asikilize vijana wanavyoongea, kisha tupande pamoja, Mwatate, halafu zile kona za mlimani hadi Wundanyi. Nauli nitalipa mimi. Nyanya bado yupo, anasikia kwa shida sikio la kushoto, na kile kiti bado kiko uani. Atataka kujua mgeni ametoka wapi na amekaa na nani garini.

Wako mwaminifu,

Mjukuu wa Wundanyi